Chumba cha kazi za mikono na kamera ya mubashara: anzia mezani

Swali: Habari za kazi, fundi. Nafuma kwa kroshia na kutengeneza mikufu na hereni za shanga. Nina chumba kidogo nyumbani, mita tatu kwa tatu, chenye dirisha moja na meza moja. Nina simu nzuri na laptopu ya kawaida. Nataka kufundisha mubashara mara mbili kwa wiki. Nilijaribu mara moja: shanga zilionekana kama vidoa vyeupe, sauti ilikuwa kama natokea pangoni, na video ilikwama kila baada ya dakika chache. Rafiki yangu ananishauri ninunue kamera kubwa. Nianze na nini, na chumba nikipange vipi? Halafu mimi ni mashoto, sijui kama hilo nalo ni tatizo.

Jibu: Nzuri, dada yangu. Hiyo kamera kubwa iache dukani kwanza. Katika hayo matatu uliyoyataja hakuna hata moja linalotibiwa na kamera. Vidoa vyeupe ni ugonjwa wa taa, sauti ya pangoni ni ya maiki na kuta, na kukwama ni kwa intaneti. Ungenunua kamera ya bei mbaya ungepata vidoa vilevile, tena vinavyoonekana vizuri zaidi. Na kamera hizo zina vituko vyake: nyingi za zamani hukata kurekodi zikifika dakika 29 na sekunde 59, nyingine hutoa picha iliyojaa alama za betri na saa, na kwa kawaida utahitaji kifaa cha katikati cha kuingiza picha yake kwenye laptopu. Simu uliyonayo itakutosha muda mrefu.

Sasa tuje chumbani. Mtu anayefungua somo la kroshia anakuja kuona mikono. Uso wako ataufurahia unaposalimia na unapoaga, lakini katikati hapo macho yake yako kwenye sindano. Kwa hiyo chumba chako nakipanga kuanzia mstatili mmoja wa meza, sentimita 40 kwa 22 hivi, ambao ndani yake kazi yote itafanyika. Vipimo hivyo vinakaribia uwiano wa 16 kwa 9 wa video ya kulala. Ukichagua kurusha kwa video ya kusimama, ugeuze mstatili uwe mrefu. Chagua mmoja na ubaki nao, maana kila ukibadilisha utapanga upya taa na kila kitu. Kata vipande vinne vya utepe wa karatasi, vile vinavyobanduka bila kuacha gundi, uvibandike kwenye pembe zake. Kilicho nje ya utepe mtazamaji hakioni. Taa, maiki, kiti, rafu, vyote vije kuuhudumia mstatili huo.

Mita tatu kwa tatu zinatosha kabisa. Sogeza meza ikaribie ukuta, na uiweke ili dirisha liwe upande wako wa kulia. Watu wanaotumia mkono wa kulia huambiwa mwanga utoke kushoto ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kwako wewe ni kinyume chake. Usikae umelipa dirisha mgongo, kivuli chako chote kitalala mezani.

Simu ikae wapi

Simu iwe juu ya mstatili, inatazama chini. Tumia mkono wa chuma wa kubana, lakini usiubane kwenye meza ile ile unayofanyia kazi. Kila ukivuta uzi au kuweka mkasi, meza hutikisika kidogo tu, na huko juu mtikisiko huo hukua. Ubane kwenye rafu au kwenye kipande cha ubao kilichopigiliwa ukutani. Siku ukileta cherehani mezani utanishukuru. Na simu yenyewe ifungie kamba fupi ya akiba kwenye huo mkono wa chuma. Vibano hulegea, na simu ikidondoka itakuangukia mikononi ukiwa umeshika sindano.

Hapa nina kosa langu la kusimulia. Masomo yangu ya kwanza niliweka simu mbele yangu, upande wa pili wa meza, inanitazama. Picha ilikuwa nzuri sana. Dakika ya ishirini mtu akaandika, "Mwalimu, sindano inaingia kutoka upande upi?" Nikajibu kwa kujiamini, "Kulia." Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwao. Nusu ya darasa ikafumua safu nzima. Tangu siku hiyo simu yangu hukaa juu, na picha naigeuza mpaka mikono iingie kutokea chini ya kioo, kama vile mtazamaji anaitazama mikono yake mwenyewe. Programu ikikataa kugeuza picha, geuza simu yenyewe kwenye kibano.

Umbali nao una hila yake. Ukitaka shanga zionekane vizuri, utashawishika kuishusha simu hadi sentimita 25 kutoka mezani. Utaigonga kwa paji la uso. Isitoshe, simu nyingine zikisogezwa karibu mno hubadili lenzi zenyewe, na picha inaruka katikati ya maelezo. Iweke juu sentimita 50 hadi 60, kisha ukuze picha mara mbili. Najua umeambiwa kukuza kunaharibu picha. Piga hesabu: kihisi cha megapikseli 12 kina upana wa nukta 4,000 hivi. Ukikata nusu unabaki na 2,000, na video ya 1080p, yaani HD kamili, inahitaji 1,920 tu. Mara mbili ina nafasi yake. Mara nne ndiyo inayoharibu. Na tumia kamera ya nyuma. Ile ya mbele mara nyingi ni dhaifu, na imetengenezwa kwa ajili ya nyuso.

Kabla ya kuanza, weka kazi yako katikati ya mstatili, gusa kioo cha simu mahali ilipo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vifungwe. Usipofanya hivyo, kila mkono unapoingia na kutoka simu itahangaika kutafuta ilenge wapi, picha itakuwa inapumua: inakuwa ukungu, inakaa sawa, inakuwa ukungu tena. Mtazamaji atavumilia mengi, hilo linamchosha macho.

Vidoa vyeupe

Kwenye mwanga nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wanapokwama karibu wote wanaofanya kazi ya shanga.

Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, ukilaze chali, yaani uso wake juu, katikati ya mstatili. Kisha tazama kwenye skrini ya simu. Utaona ndani ya kioo hicho kile kinachoonwa na shanga zako: labda balbu ya darini, labda ile taa ya duara uliyoizungushia simu. Taa ya duara ni nzuri kwa uso, ila ikizunguka kamera inayotazama chini, inarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Sogeza taa mpaka kwenye kioo libaki dari lenye giza. Kwa kawaida utaishia na taa mbili, moja kila upande wa meza, zimeinama kama nyuzi 45.

Shanga za bapa zitakaa sawa hapo hapo. Za mviringo zina tabia tofauti, kwa sababu mduara hutazama kila upande, na popote utakapoweka taa utakuta kidoa chake mahali fulani kwenye shanga. Kidoa hutaweza kukiondoa, utakachoweza ni kukibadilisha umbo. Ukubwa wake unafuata ukubwa wa taa jinsi shanga inavyoiona. Balbu tupu inakuwa nukta kali. Balbu hiyo hiyo iliyotanguliwa na kitambaa cheupe chepesi, kilichotandazwa kwenye fremu ya nusu mita, inakuwa mng'ao mpana na mlaini unaoonyesha kuwa shanga ni ya kioo na ni ya mviringo. Acha nafasi ya kutosha kati ya kitambaa na balbu, hasa kama balbu inapata joto. Na usirudishe taa mbali sana: taa ndogo ikitoka mita moja ikaja nusu mita, mwanga unaofika mezani unakuwa mara nne.

Kroshia inataka kinyume chake. Uzi haung'ai, tatizo lake ni kuonekana bapa kama karatasi iliyochorwa. Siku ya kroshia zima taa ya kushoto au isogeze mbali, na hiyo ya kulia ishushe iwe chini karibu na usawa wa meza, iipige kroshia kwa ubavu. Kila kitanzi kitajitengenezea kivuli chake kidogo, na mwanafunzi ataweza kuhesabu mishono bila kukuuliza. Uzi mweusi usiufundishie kabisa. Hata mimi mezani naupata kwa shida, seuze mtu anayetazama kwenye simu.

Rangi: taa zote ziwe za namba moja ya kelvini, yaani kipimo cha rangi ya mwanga. Mwanga wa mchana uko kwenye 5,500 hivi kwenda juu, balbu ya njano ya sebuleni ni 2,700 au 3,000. Ukizichanganya, upande mmoja wa mkono utakuwa bluu na mwingine rangi ya chungwa, na hakuna programu itakayokuokoa. Ukiweza, nunua taa ambazo kasha lake limeandikwa CRI 95 au zaidi. Hiyo ni alama ya jinsi taa inavyozitendea haki rangi, na nyekundu ndiyo ya kwanza kuumia kwenye taa duni. Mteja akiona shanga nyekundu kwenye video kisha akapokea za rangi nyingine, hatalaumu balbu.

Dirisha ni taa nzuri isiyotabirika. Wingu likipita, somo linaingia giza. Kama unarusha jioni au zaidi ya nusu saa, funga pazia utegemee taa zako.

Kuna taa zinazopepesa bila macho yako kujua. Washa taa, weka simu kwenye video ya mwendo wa taratibu, irekodi taa hiyo. Ukiona inawaka na kufifia, kwenye mubashara itakuletea michirizi inayotembea juu ya picha. Taa nyingi za aina hiyo hutulia zikiwashwa hadi mwisho bila kupunguzwa. Zisipotulia, na simu yako ikikuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda wa kunasa kila picha, weka 1/50 au 1/100 kama umeme wenu ni wa hezi 50, au 1/60 na 1/120 kama ni wa hezi 60.

Juu ya meza tandika kitambaa cha kijivu kisichong'aa, kizito kidogo. Simu hupima mwanga ikidhani kila kitu duniani kina wastani wa kijivu. Ukitandika cheupe itafanya mikono iwe giza, ukitandika cheusi itaichoma mikono iwe myeupe. Kitambaa hicho kina kazi ya pili na ya tatu: shanga hazikimbii, na hazipigi kelele. Umewahi kusikia shanga zikimwagwa kwenye meza tupu kupitia maiki? Ni mvua ya mawe.

Sauti ya pangoni

Simu iko nusu mita juu ya meza, na mdomo wako unatazama chini. Inasikia ukuta kuliko inavyokusikia wewe. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye waya, na hii ndiyo ningekuambia ununue kabla ya kitu kingine chochote. Ibane sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, pembeni kidogo, kwa sababu ukiinama kidevu kitaigusa. Vua mkufu unaoning'inia siku hiyo, hata kama ndio unaouza. Vipokea sauti vya bluetooth usivitumie kama maiki: vikianza kupokea na kutuma sauti kwa pamoja, ubora hushuka ukawa wa simu ya upepo.

Kuta hazikuhitaji sponji za studio. Wewe una dawa tayari ndani ya nyumba. Mabunda ya uzi yaliyopangwa kwenye rafu wazi ni kizuia mwangwi kizuri sana. Panga rafu ya uzi ukutani pale unapotazama ukiwa umekaa, weka zulia chini, vuta pazia nzito, kisha piga kofi moja. Kama bado linarudi, tundika blanketi ukuta wa nyuma. Feni izime wakati wa kurusha.

Intaneti na umeme

Ukipima kasi, namba kubwa inayotokea kwanza ni ya kushusha, na hiyo haikuhusu. Tazama ya kupandisha. Video ya 720p kwa fremu 30 kila sekunde inakwenda vizuri kwa megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde, ya 1080p inataka 4.5 hadi 6. Kanuni yangu ni kutumia nusu tu ya kile kipimo kinachosema, kwa sababu kipimo ni cha dakika moja na somo ni la saa nzima. Kwa hiyo ukipima ukapata 8, rusha kwa 4 na usitamani zaidi. 720p isiyokwama inamfundisha mtu. 1080p inayokwama inamfukuza. Kama unatumia bando, megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 1.8 kwa saa, kwa hiyo vipindi vinane vya saa moja kwa mwezi ni kama 14.4.

Kama ruta iko chumba kingine, ihamishe au vuta kebo hadi kwenye laptopu. Waifai ya gigahezi 5 ina kasi kuliko ya 2.4, lakini haipendi kuta. Na tuliza picha yenyewe: kitambaa cha mezani chenye maua mengi kinakula megabiti ambazo zingekwenda kwenye vidole vyako. Kazi ya kufuma yenye mistari myembamba sana inaweza kuzua mawimbi ya ajabu kwenye video. Sogeza simu sentimita chache au badilisha ukuzaji, yatatoweka.

Simu iweke kwenye hali ya ndege, kisha uwashe waifai peke yake. Bila hivyo, shangazi atapiga katikati ya somo na mubashara utakatika. Ivue kava, punguza mwanga wa skrini, ijaze chaji mapema, kwani kurusha na kuchaji kwa pamoja chini ya taa huichemsha mpaka ikajizima. Waya zote zibandike sakafuni zipite ukutani, mbali na pasi na gundi ya moto.

Kabla ya siku yenyewe

Kama ni YouTube, washa ruhusa ya kurusha mubashara mapema, maana mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24, na kurusha moja kwa moja kutoka kwenye programu yao ya simu kunahitaji wafuatiliaji 50. Rusha kipindi cha faragha cha dakika kumi. Kitazame mara moja bila sauti, halafu kisikilize bila kutazama. Ukifanya vyote kwa pamoja, jicho litafunika makosa ya sikio.

Maoni yasome kwenye laptopu iliyo kando ya meza, sauti yake ikiwa imezimwa. Kati yako na wao kuna kuchelewa kwa sekunde kadhaa, wakati mwingine hadi 30, kwa hiyo ukiuliza "mmefika?" endelea kuzungumza, usikae kimya ukidhani wamekukimbia. Na kagua kilichomo ndani na pembezoni mwa picha: vifurushi vya wateja vyenye majina na anwani zao viondoe kabisa chumbani.

Muziki wa nyuma acha. Unaweza kusababisha kipindi kunyamazishwa au kukatwa kwa ajili ya hakimiliki, na unapigana na sauti yako bure.

Na huo umashoto wako

Si tatizo, tena una faida ambayo mimi sina. Mashoto hufuma kutoka kushoto kwenda kulia, sisi wengine tunakwenda kulia kuja kushoto. Picha yako ikigeuzwa kama kwenye kioo, mkono wako wa kushoto unakuwa wa kulia na safu inakwenda wanakokwenda wao, bila wewe kubadilisha chochote. Hapo ndipo laptopu inapofaa. Weka OBS Studio, programu ya bure ya kurusha mubashara, unganisha simu kwa kebo iwe kamera yake, kisha bofya picha hiyo kwa kitufe cha kulia na uchague kuigeuza kwa mlalo, kulia iwe kushoto. Maandishi yatasomeka kinyume, kwa hiyo tengeneza mandhari mbili ndani ya programu hiyo: moja iliyogeuzwa kwa ajili ya mikono, na moja ya kawaida ya kuonyeshea karatasi ya hesabu za mishono.

Umesema utafundisha mara mbili kwa wiki. Siku moja geuza picha, siku ya pili usiigeuze, na uandike kwenye kichwa cha kipindi kuwa hicho ni cha mashoto. Wengi wao wamejifunza kroshia kwa kumtazama mtu wa mkono wa kulia na kujipindua vichwani mwao.